Mafunzo ya usawa na uanuwai kwa wasimamizi: yafundishwe nini ili yasiishie kwenye karatasi ya mahudhurio?

Afisa Utumishi

Habari za kazi, ndugu zangu.

Nimekabidhiwa jukumu la kuandaa mafunzo ya usawa na uanuwai kwa wasimamizi wote wa shirika letu, kuanzia viongozi wa zamu hadi wakuu wa idara, jumla yao 38. Si mara ya kwanza kwa shirika kufanya jambo hili. Miaka mitatu iliyopita aliletwa mwezeshaji kutoka nje, akazungumza kwa nusu siku, wasimamizi wakatia saini karatasi ya mahudhurio, wakapewa vyeti, na habari ikaishia hapo. Mimi nilikuwemo ukumbini, na sikumbuki kusikia hata mfano mmoja uliofanana na kazi tunazozifanya.

Kinachonisumbua si ufasaha wa mwezeshaji yule. Katika mwaka uliofuata nilipokea malalamiko mawili ambayo mpaka leo hayajanitoka moyoni. La kwanza lilikuwa la mfanyakazi aliyerejea kutoka likizo ya uzazi na kukuta wateja wakubwa aliokuwa akiwahudumia wamekabidhiwa mwenzake, na msimamizi wake akamweleza kwamba amempunguzia mzigo ili apate nafasi ya kulea. La pili lilikuwa la kijana ambaye wenzake walikuwa wakimwita kwa jina la watu wa asili yake badala ya jina lake, mbele ya msimamizi, na msimamizi akicheka pamoja nao. Wasimamizi wote wawili walikuwa na vile vyeti. Nilipozungumza nao, hakuna aliyeamini kwamba ametenda ubaguzi: wa kwanza aliona amefanya hisani, na wa pili aliona ni utani wa watu wanaopendana.

Sasa menejimenti imenipa siku moja na inataka mafunzo yawe ya lazima kwa kila msimamizi. Naomba mnisaidie kufikiri. Yafundishwe nini hasa? Je, kulazimisha kunajenga au kunabomoa? Na baada ya miezi kadhaa nitajuaje kwamba kuna kilichobadilika, mbali na idadi ya vyeti nilivyogawa?

Mwezeshaji wa Mafunzo

Ndugu Afisa, nakushukuru kwa kuyaeleza haya bila kuyapamba. Nimeendesha mafunzo ya namna hii kwa miaka mingi, na ya mwanzo niliyaendesha vibaya, hivyo nitaanzia kwenye kile nilicholazimika kukiacha.

Nilikuwa nikianza na maana za maneno: usawa ni nini, uanuwai ni nini, upendeleo usiotambulika ni nini. Wasimamizi walinisikiliza kwa adabu, wakaandika, wakarudi ofisini wakafanya yale yale. Ilinichukua muda kuelewa kwamba msimamizi hakutani na uanuwai kazini. Anakutana na maombi ya kazi 60 mezani na nafasi moja ya kujaza; anakutana na ratiba ya zamu inayotakiwa kesho asubuhi; anakutana na mtu aliyesimama mlangoni akisema, "Naomba tuzungumze faragha." Ubaguzi unapotokea, hutokea ndani ya maamuzi hayo, na mara nyingi hutokea wakati mtu amebanwa na anategemea kile anachokiita uzoefu. Kwa hiyo siku hizi nayapanga mafunzo kwa kufuata maamuzi ya msimamizi, wala siyapangi kwa kufuata makundi ya watu. Hakuna kipindi cha wanawake, kipindi cha wazee na kipindi cha wenye ulemavu. Kuna kipindi cha kuajiri, cha kugawa kazi, cha kutathmini utendaji na mishahara, na cha kupokea malalamiko.

Tuchukue kuajiri. Mwaka 2004 wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ndani yake walituma karibu maombi 5,000 ya kubuni kujibu matangazo ya kazi katika miji ya Boston na Chicago. Sifa za waombaji zililinganishwa. Kilichobadilishwa ni majina. Waombaji wenye majina yaliyosikika kuwa ya Wazungu waliitwa kwa kiwango kilichowazidi wenye majina yaliyosikika kuwa ya Wamarekani weusi kwa takriban asilimia 50. Silitumii jaribio hili kuwafanya wasimamizi wajione waovu, kwa sababu mtu anayejitetea hajifunzi. Ninawauliza tu: katika utaratibu wenu wa kuajiri, ni hatua ipi ingezuia jambo hili? Ukumbi unakuwa kimya, kisha mtu mmoja anakiri kwamba hawana hatua hiyo, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla ya kufungua maombi hata moja, wasimamizi wanaandika vigezo vya nafasi hiyo na uzito wa kila kigezo. Wanatunga maswali ya usaili yatakayoulizwa kwa kila msailiwa, kwa mpangilio ule ule. Kila mjumbe wa jopo anatoa alama mara baada ya jibu, peke yake, kabla ya kusikia maoni ya mwenyekiti, kwa maana mwenyekiti akishasema "huyu kijana amenikosha", alama za wengine hazitakuwa zao tena. Halafu tunafanya usaili wa majaribio pale pale ukumbini na kulinganisha alama. Zoezi hili huchukua saa mbili nzima na sijawahi kulijutia. Neno ninalowaomba wasilitumie tena ni "hatatuendana". Nikiuliza maana yake, mara nyingi anayelisema hushindwa kutaja hata kigezo kimoja cha kazi ambacho msailiwa alikosa.

Kuhusu lazima au hiari, utafiti unatupa tahadhari. Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichunguza maeneo ya kazi 708 ya sekta binafsi nchini Marekani, kwa takwimu za kuanzia mwaka 1971 hadi 2002, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba mafunzo yaliyolenga kupunguza upendeleo wa mameneja yalikuwa miongoni mwa hatua zenye matokeo hafifu zaidi katika kuongeza wanawake na watu weusi kwenye nafasi za uongozi. Hatua zilizofanya vizuri zaidi ni zile zilizompa mtu au kamati maalumu wajibu wa kufuatilia. Mimi nausoma utafiti huo hivi: mafunzo bila mtu wa kuulizwa matokeo ni maneno. Wasimamizi wahudhurie, ndiyo, kama wanavyohudhuria mafunzo ya usalama kazini, kwa kuwa ni sehemu ya dhamana waliyopewa. Lakini barua ya mwaliko isiandikwe kama adhabu ya malalamiko yale mawili, na wapewe nafasi ya kuchagua mifano ya kujadili kutoka kwenye vitengo vyao wenyewe.

Kupima ni suala la kumbukumbu. Zile fomu za mwisho wa siku zinazouliza kama mwezeshaji alieleweka hazitakuambia lolote. Angalia nani walioomba, walioitwa, walioajiriwa, waliopandishwa vyeo na walioacha kazi, kabla ya mafunzo na baada yake. Angalia pia malalamiko yalichukua siku ngapi kushughulikiwa. Na usitishike malalamiko yakiongezeka katika miezi ya mwanzo. Yanaweza kuwa yanaongezeka kwa sababu watu wameanza kuamini kwamba yatasikilizwa.

Ombi langu moja: kabla ya kuchagua tarehe, itafute fomu ya usaili mnayoitumia sasa, uisome mstari kwa mstari.

Mwanasheria wa Kazi

Nakubaliana na Mwezeshaji, nami nitaongeza upande wa sheria, kwa sababu wasimamizi wengi hudhani kwamba ubaguzi ni lazima uwe na nia mbaya. Hilo ndilo kosa la msingi katika mifano yako yote miwili.

Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaueleza ubaguzi kuwa ni utofautishaji, utengaji au upendeleo wowote, kwa misingi kama rangi, jinsi, dini, maoni ya kisiasa au asili ya mtu kijamii, ambao athari yake ni kuondoa au kudhoofisha usawa wa fursa katika ajira. Neno la kulishika hapo ni athari. Msimamizi aliyempunguzia mama mzazi wateja wakubwa huenda alikuwa na huruma ya kweli, lakini aliamua kwa niaba ya mtu mzima bila kumuuliza, na athari yake ni kwamba mfanyakazi alipoteza kazi yenye uzito. Mkataba Na. 183 wa mwaka 2000 kuhusu ulinzi wa uzazi unasema waziwazi kwamba mwanamke anayo haki ya kurejea kwenye nafasi ile ile au nyingine inayolingana nayo, kwa malipo yale yale. Wafundishe wasimamizi kuuliza: "Karibu tena. Ungependa kuendelea na majukumu yako yote, au kuna jambo ungependa tulipange upya?" Swali hilo likitangulia, hisani inakuwa hisani kweli.

Kwa mfano wa pili kuna Mkataba Na. 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi. Chini ya mkataba huo tendo haliwi halali kwa kuwa limetokea mara moja tu, na matokeo ya tendo yanaangaliwa sambamba na makusudio yake. Unawalinda pia wanaojitolea, wanaofanya mazoezi ya kazi na hata wanaoomba kazi, nao unagusa safari za kikazi na mawasiliano ya simu na mtandao yanayohusiana na kazi. Ni vyema ukaangalia kama nchi yenu imeuridhia na sheria yenu ya ajira inasemaje, lakini hata kama haijauridhia, ni kipimo kizuri cha kufundishia.

Wasimamizi huelewa haraka ubaguzi wa moja kwa moja. Ule usio wa moja kwa moja ndio unaowasumbua, nami huufundisha kwa shauri la Griggs dhidi ya Duke Power, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1971. Mwajiri alidai cheti cha sekondari na kufaulu mitihani ya jumla ya uwezo kwa kazi ambazo masharti hayo hayakuthibitika kuwa na uhusiano nazo. Sharti halikutaja rangi ya mtu yeyote, lakini liliwaengua weusi kwa wingi kuliko wengine, na mahakama ikalikataa. Baada ya hapo wape wasimamizi matangazo yenu ya kazi ya miaka miwili iliyopita, na kila sharti lililomo waliulizie: linahitajika kwa kazi hii, au tumelizoea tu? Sharti la umri, la kuwa tayari kusafiri wakati wowote, la kuzungumza kwa lafudhi fulani, yote yapite kwenye swali hilo.

Jambo la mwisho, na hili lipeleke kwa menejimenti yako kabla hujaikubali ile siku moja waliyokupa. Mwaka 2021 mahakama ya rufani ya masuala ya ajira nchini Uingereza ilitupa utetezi wa mwajiri aliyejificha nyuma ya mafunzo ya usawa aliyokwisha kuyatoa. Mfanyakazi mwenye asili ya India alitolewa maneno ya kibaguzi na mwenzake, na wasimamizi waliopata habari hawakuchukua hatua iliyostahili. Mafunzo yalikuwa yametolewa kweli, lakini ilionekana yamechakaa na yalihitaji kurudiwa. Mahakama ilieleza kwamba haitoshi kuuliza kama mafunzo yalifanyika. Inapaswa kuangalia yalikuwa ya namna gani na yalikuwa na uwezekano gani wa kuleta matokeo. Vyeti vyenu vya miaka mitatu iliyopita, vikifuatwa na malalamiko mawili ambayo wasimamizi wenyewe walihusika, vinaweza kusomwa kwa namna hiyo hiyo.

Mkuu wa Kitengo

Naomba nizungumze kwa niaba yetu tunaokaa upande wa pili wa ukumbi.

Mafunzo ya kwanza niliyohudhuria, katika mwajiri wangu wa zamani, yalinikasirisha. Nilitoka nikiwa nimejifunza orodha ya maneno ya kuogopa, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nawakwepa baadhi ya watu wa kitengo changu, hasa kuwapa mrejesho mkali wa kazi, kwa hofu ya kuambiwa nawabagua. Sasa naona kwamba kumnyima mtu mrejesho wa kweli kwa sababu ya asili yake au jinsi yake nako ni kumbagua, kwa kuwa mwenzake anaambiwa makosa yake na kukua, naye anabaki pale pale. Mwezeshaji wako alifundishe hilo waziwazi, maana sisi wasimamizi tuna woga huo na hatuusemi.

Mafunzo ya pili yalinisaidia kwa mambo mawili. Tulitakiwa kwanza kuleta orodha ya kazi za heshima tulizogawa kwa miezi sita: safari, mawasilisho mbele ya wakurugenzi, nafasi ya kukaimu. Nilijua mimi ni mtu wa haki, na nilikwenda bila wasiwasi. Nilipohesabu, kati ya safari 11 nilizogawa, tisa walikwenda watu watatu, na wote watatu walikuwa wanaume wa rika langu ninaokula nao chakula cha mchana. Hakuna aliyenishtaki, takwimu zangu ndizo zilizosema. Tangu hapo naiweka orodha hiyo na kuipitia kila mwisho wa mwezi.

Jambo la pili lilikuwa kufanya mazoezi ya kusema. Msimamizi anayesikia utani wa kibaguzi ana sekunde chache tu, na asipokuwa na maneno tayari, atacheka au atanyamaza. Tulifanya mazoezi wawili wawili, kwa sauti, mpaka maneno yakazoeleka mdomoni: "Jina lake tunalijua, tumwite kwa jina lake." Ni sentensi fupi, haina hotuba ndani yake, haimwaibishi yeyote kupita kiasi, na kikao kinaendelea. Kisha unamfuata aliyetaniwa faragha, na aliyetania faragha. Nina hakika yule msimamizi wako aliyecheka angeweza kuisema kama angekuwa amewahi kuijaribu hata mara moja.

Mfanyakazi Kiziwi

Nimesoma michango yote kwa makini, na nina ombi kwa niaba yetu tunaozungumziwa ukumbini.

Tafadhali msitugeuze kuwa vielelezo. Nimewahi kuombwa, jioni moja kabla ya mafunzo, nisimame mbele ya wasimamizi na kueleza "changamoto za watu kama ninyi". Nilikubali kwa kuwa sikuona namna ya kukataa. Siku iliyofuata hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, kwa hiyo nilizungumza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, wakanipigia makofi, na maswali waliyouliza baadaye sikuyaelewa. Mtu akitaka kushuhudia kwa hiari yake, mpeni muda wa kujiandaa na mlipeni kama mnavyomlipa mwezeshaji.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahesabu kunyimwa marekebisho yanayofaa kuwa ni ubaguzi. Wasimamizi wafundishwe kwamba marekebisho hayo huanza na mazungumzo, hayaanzi na bajeti. Kwangu mimi, msimamizi kutuma ajenda ya kikao mapema na kutozungumza akiwa amegeukia ubao kulibadilisha mengi, na hakuna kati ya hayo lililogharimu chochote. Mkalimani anagharimu, ndiyo, na hapo msimamizi anapaswa kujua ni nani wa kumwomba idhini na jibu litachukua siku ngapi. Wasimamizi wengi niliokutana nao walikuwa na nia njema ila hawakujua hata mlango wa kubisha.

Afisa Utumishi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Michango hii niliipeleka kwa menejimenti, nikiwa nimeanza na lile shauri la mwaka 2021, na tulizungumza kwa uzito ambao sikuutarajia. Ile siku moja imegawanywa kuwa vipindi vitatu vya saa mbili na nusu, vikipishana kwa mwezi mmoja, na kila kipindi kitatanguliwa na kazi ya kuleta: kwanza matangazo ya kazi, kisha orodha ya kazi zilizogawiwa, mwisho namna malalamiko yalivyopokelewa. Mkurugenzi amekubali kuwa yeye ndiye atakayeulizwa takwimu kila robo mwaka.

Dada au kaka uliyeandika kuhusu mkalimani, nimeona aibu kugundua kwamba hata mimi sikujua utaratibu wetu wa kumwomba. Nimeulizia, haupo. Ninaandika rasimu yake sasa, nami nitaomba uisome ukiwa na nafasi.

Ndugu Mwezeshaji, niliitafuta ile fomu ya usaili. Ina maswali 14. La tisa linauliza msailiwa ana watoto wangapi na nani atakayewaangalia akiwa kazini. Nilipopekua majalada ya miaka mitatu, niliona kwamba swali hilo limejazwa kwenye fomu za wanawake, na kwenye fomu nyingi za wanaume limeachwa wazi. Sahihi za wajumbe wa jopo zipo chini ya kila fomu, na katika baadhi yake sahihi moja ni yangu. Nimeliondoa swali hilo leo asubuhi, na majalada hayo nitayaleta kwenye kipindi cha kwanza, majina ya wasailiwa yakiwa yamefunikwa.

Limebaki swali moja ambalo bado linanitatiza: yule mama aliyepokonywa wateja wake bado yuko nasi, na msimamizi wake atakuwemo ukumbini. Je, nimweleze mapema kwamba mfano unaofanana na wake utajadiliwa, au niuache kabisa mfano huo na kutafuta mwingine?

Mwezeshaji wa Mafunzo

Mweleze mapema, na mwache aamue yeye. Akisema hapana, tumia mfano mwingine na usimuulize sababu. Akisema ndiyo, mwonyeshe maandishi ya mfano huo kabla hujayachapisha, kisha zungumza na msimamizi wake siku nyingine, peke yake, ili asije akalijua jambo hilo kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya wenzake. Na kabla ya yote hayo, ulizia kama wale wateja wake wamerudishwa.